Neno Baada ya Kumeza

Kila asubuhi Bi Zamda alimsindikiza mwanawe Shomari kituo cha afya, kwenye dirisha wanaponyweshwa dawa watu wanaoacha unga wa kulevya. Dawa hunywewa hapohapo, kisha mtu hutakiwa aseme neno, nesi ajue kweli amemeza. Jana Shomari alikutwa ameificha mdomoni, akauze. Akaambiwa akirudia tu, basi, hapati tena.

Leo alipokea kikombe chake kidogo cha plastiki, akakiinamisha mdomoni, akanyamaza. Shavu lilikuwa limetuna. Mama mtu alisimama kando, amekumbatia chupa ya chai na vitumbua alivyomfungia.

“Haya baba, sema,” nesi akamhimiza. “Au ulimi umekwenda harusini?”

Waliokuwa nyuma wakacheka. Shomari hakucheka. Alimtazama mama yake, koo likapanda, likashuka.

“Shikamoo, mama.”

Ilikuwa miaka sita hajamwamkia. Bi Zamda akafungua chupa, akamimina chai kwenye kifuniko, kikajaa, ikamwagikia vidoleni, naye bado anamimina.