Chungu cha Watu wa Mbali

"Muvi gani hii, dada, hata ngumi hakuna?" Mzee mmoja alichukua kofia yake, akainuka.

Adeke, mwenye banda la video pale Malaba, aliendelea kutafsiri kwenye maikrofoni. Kila mwisho wa mwezi aliwaonyesha wateja wake filamu moja ya nchi za mbali, na kila mwezi mabenchi yalizidi kuwa matupu.

Hapo kwenye skrini kikatokea chungu. Watu wa milima fulani ya Asia walikuwa wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakinywa pombe taratibu, vile vile watu wa kwao Adeke wanavyokunywa ajono.

Mzee akasimama mlangoni.

Kijana mmoja kwenye filamu akaushika mrija kwa mkono wa kushoto.

"Kushoto?" mzee akafoka. "Nani alikufunza kunywa, wewe?"

Mle kwenye skrini, bibi kizee akampiga kijana kikofi mkononi, akabwata kwa lugha yake.

Banda zima likaangua kicheko. Adeke akafungua kinywa atafsiri, kisha akaizima maikrofoni.