Mwalimu Ansbert na Asili ya Sambusa

"Na hii nayo mnaiita sambusa?"

Mwalimu Ansbert aliishika kwa ncha za vidole kama aliyeokota panya. Hata shikamoo hakutoa, na Ng'washi, mpishi mwenyewe, alikuwa wa umri wa mama yake.

Lori alilosafiria lilipata pancha hapa Nyamahanga. Huko Ngara alingojewa akabidhiwe shule; asiporipoti siku hiyohiyo, ukuu wa shule anapewa mwingine. Abiria wenzake walikwenda kuandikishwa ofisi ya kijiji, maana vita vya Kagera vilikuwa vimepamba moto na kila mgeni alitakiwa kujitambulisha. Yeye alibetua midomo. Msomi mzima apange foleni na washamba!

"Na wanajeshi nao mnawalisha takataka hii? Wamepita wangapi mkawaharibu matumbo?"

"Wengi, mwalimu," Ng'washi alijibu kwa upole. Kisha akamgeukia mumewe. "Malongo, hebu kalete kuni."

Malongo alilitazama lundo la kuni lililokuwa palepale mekoni, akaondoka. Mbumbumbu wa mwisho, Ansbert alijisemea.

Dereva alipiga honi. Tairi lilikuwa tayari.

"Mwalimu, kabla hujaondoka, tuelimishe," Ng'washi alisema, akimsogezea kigoda. "Sambusa maana yake nini? Sisi tunakula tu."

Hapo alimpatia. Ansbert aliketi. Watu wazima wanatafuna neno wasilolijua! Neno hilo, alieleza, ni la Kiajemi, sanbosag. Likapita kwa Waarabu, likafika pwani, ndipo likapanda bara kuja kuharibiwa na wapika maharage. Yasemekana maana yake ni pembetatu.

"Sasa hii yako ina pembe ngapi? Hata hazihesabiki!"

"Rudia pole pole, mwalimu. San... nini?"

Akarudia, mara tatu. Akaokota kijiti, akachora ardhini njia yote ya neno hilo, toka Uajemi, pwani, reli, hadi ziwani. Honi ikalia tena. Akampungia dereva mkono asubiri.

Malongo alirudi mikono mitupu. Nyuma yake walikuja mgambo wanne na kamba. Kiongozi wao akampigia Ng'washi saluti.

"Ndugu balozi wa nyumba kumi, ndiye huyu?"

"Ndiye. Kakwepa kujiandikisha, kauliza idadi ya wanajeshi, na ramani hiyo hapo kachora mwenyewe." Ng'washi aliipua sambusa zake bila haraka. "Na uandike: anajua Kiajemi."