Kitufe cha Endelea Kimegoma

Kitufe cha Endelea kiligoma asubuhi ileile ambayo afisa alikuwa njiani kutoka wilayani. Mwalimu Tadea alikibonyeza, kikatikisika. Akakibonyeza tena, kikatoa sauti ya ajabu na dirisha zima la programu likayumba.

"Bonyeza taratibu, Mwalimu," alinong'ona Mzee Ignatio, mwalimu mkuu, jasho likimtoka. "Tukiaibika leo, mgao wa vifaa vya TEHAMA wanauchukua wenzetu wa shule ya ufukweni."

Tadea alimwonea huruma. Kusakinisha programu ni kazi nyepesi, hatua kwa hatua. Vidude vya kubonyeza ndivyo vilivyomtesa. Orodha ya kushuka ilishuka vizuri, ikakataa kupanda. Mstari wa maendeleo uliruka kutoka asilimia kumi hadi tisini kwa pupa tu. Na kisanduku cha tiki, kikishatiwa tiki, hakikubali kufutwa.

Dawa ya hilo aliisoma kwenye simu yake. Kumbe hata mafundi wakubwa, kisanduku kikiwashinda, huficha cha pili nyuma yake. Kimoja kina tiki, kingine hakina, na huvibadilisha mtumiaji asijue. Tadea naye akaficha cha pili. Kilikuwa kirefu kidogo, kikachungulia. Akakishusha.

Bi Mwanabibi, afisa mwenyewe, alifika na vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Alisimama mlangoni, akatazama.

"Karibu ujaribu, afisa," alisema Tadea.

Bi Mwanabibi akabonyeza Endelea. Safari hii kilitii. Akatia tiki, akaitoa. Visanduku vikapishana bila kugongana. Mstari wa maendeleo ukajaa polepole, kumi, ishirini, hadi mia, huku Mzee Ignatio amefumba macho kama yuko kanisani. Likatokea neno: Hongera!

Afisa akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Nimezunguka shule nyingi, Mwalimu, hii sijaiona. Jumatatu mnaletewa kompyuta ya kweli."

Kengele ya uji ikalia. Endelea akamsukuma Ghairi, Ghairi akaikanyaga kadibodi ya Rudi, na dirisha zima la wanafunzi wa Darasa la Sita likatimua mbio kuwahi vikombe.