Kaburi la Koti

Koti lilikuwa la mtu mrefu, kwa hiyo shimo lilichimbwa refu. Wanaume wanne walianza asubuhi, na udongo wa Matinyani, uliokauka kama tofali, ukawatoa jasho hata kabla ya chai. Nthenya alikaa kwenye kigoda kando ya zizi la mbuzi, koti la mumewe mapajani, akiukunja na kuukunjua mkono mmoja wa koti hilo.

"Mwaitu, lete sasa," akasema jirani yake Kisilu, akimwita mama kwa heshima ya Kikamba.

Hakutaka kulitoa. Mumewe, Kiema, aliondoka mwaka wa sabini na tatu kwenda Mombasa kutafuta kazi, na kwa miaka kumi na minne Nthenya alikataa katakata kuitwa mjane. Kila Krismasi alimwekea mumewe sahani ya chakula. Watu walimcheka, wakachoka kumcheka, kisha wakaanza kumhurumia, na huko kuhurumiwa ndiko kulikomuuma zaidi.

Sasa stima ilikuwa inakuja. Si ya kuwasha taa Matinyani, la hasha! Hiyo ilikuwa inapita tu juu ya minara ya chuma, ikienda kwa wenye bahati zao, na chini ya nyaya hakuna ruhusa ya kujenga nyumba wala kupanda mti. Vigingi vya wapimaji vilikata shamba la Nthenya katikati. Kimoja kilisimama penye matuta ya mtama, kingine nyuma ya jiko. Likichukuliwa shamba hilo, hakuwa na pengine pa kwenda.

Watu walipinga kadiri walivyojua. Walimwandikia DC, mkuu wa wilaya, barua, na hadi leo hawajajibiwa. Akina mama wa mwethya, wale wanaolimiana kwa zamu, waling'oa vigingi vyote siku moja. Vikarudishwa kesho yake, pamoja na askari wa kuvilinda. Mwishowe, kwenye baraza, afisa wa laini ya stima, kijana mpole mwenye viatu vya kung'aa, akasema neno moja walilolishika.

"Kanisa, shule na makaburi tunazunguka. Hayo mengine imeshaamuliwa."

Majina ya wenye mashamba yalisomwa redioni, la Kiema likiwemo, na Nthenya alifurahi kusikia kwamba hata redio bado inamhesabu mumewe kuwa hai. Kisha kila mmoja akaitwa kwa chifu kutia kidole kwenye fomu ya kukubali laini ipite na kupokea fidia. Wengine walikataa, wengine walitishwa wakatia. Nthenya peke yake hakuitwa. Hakushangaa. Hati ya shamba ilikuwa na jina la mumewe, na yeye mwenyewe ndiye aliyelitaja mashamba yalipokuwa yakiandikishwa, kwa kuwa aliona mwanamke kuandikisha shamba la mume aliye hai ni kumtakia mabaya.

"Hata kidole changu hawana haja nacho," aliwaambia wenzake.

Kisilu ndiye aliyeleta wazo la kaburi, na wazee wakalikubali. Mtu aliyepotelea mbali huzikwa kwa nguo yake na shina la mgomba, walisema, na tangu hapo amekufa. Hata akitokea, hapiti tena kwenye mlango wake. Nthenya aliwakatalia wiki tatu nzima. Halafu lori likaja likamwaga vyuma vya minara kule mtoni, maji yakazidi unga, akakubali.

"Na akirudi?" alimwuliza Kisilu.

"Miaka kumi na nne, mwaitu! Huyo angekuwa wa kurudi angekuwa amesharudi."

Basi akalitoa koti, likazikwa pamoja na shina la mgomba. Nzomo, mzee wa kanisa, aliomba kwa kifupi bila kumtazama mtu machoni. Kisilu, ambaye kazi yake ni kuchonga vinyago, alisimika msalaba wa mti mgumu, jina KIEMA likiwa limechomwa kwa chuma cha moto. Wakapanga mawe, wakamwaga majivu na nyasi kavu ili kaburi lionekane la siku nyingi. Akina mama walikuwa wamekuja kulia kwa kujisingizia, lakini Nthenya alipopiga yowe, kila mmoja alijikuta analia kweli. Nthenya alijiona amemuua mumewe kwa mkono wake mwenyewe. Usiku ule hakula.

Afisa alikuja Alhamisi mchana, faili kwapani. Akina mama wakajipanga nyuma ya Nthenya. Kisilu akajifanya anapalilia.

"Hapa iko kaburi," Nthenya akasema. Hakuondoka alipokuwa. "Ni ya bwana yangu. Ni nyinyi mlisema mnazunguka."

Afisa akainama, akausoma msalaba. Akausoma tena. Hakukasirika. Alionekana tu kama mtu asiyejua aweke wapi macho yake.

"Mama, wewe ni nani wa huyu?"

"Mimi ni bibi yake."

"Na alikufa lini?"

"Zamani. Huko Mombasa."

Afisa alifungua faili polepole, akageuza karatasi moja moja mpaka akafika aliyoitaka, akaikandamiza kwa kidole isipeperushwe na upepo.

"Mama, fomu ya hii shamba tulijaza kwa ofisi yetu ya Malili, hapa hapa Ukambani, wiki mbili zimepita," alisema kwa sauti ya chini. "Mzee Kiema alisikia jina lake kwa redio, akakuja yeye mwenyewe, na bibi yake na watoto watatu. Akaweka sahihi hapa. Akasema kwa hii shamba hakuna kaburi, na hakuna mtu anaishi."