Doa Kwenye Kioo

Kwa mara nyingine herufi za kompyuta zilikuwa kubwa kama za bango, hata kitufe cha kuhifadhi kimesukumwa nje ya kioo. Binti wa mfamasia akaja juu.

"Nani anachezea hii mashine? Kila nikizipunguza herufi, mtu anazikuza! Hili ni duka la dawa, si uwanja wa mpira!"

"Labda zinajikuza zenyewe," baba yake alisema, amempa mgongo, anapanga chupa. "Mashine nazo zina mambo yake, mwanangu."

"Wenye mambo ni watu, Baba!"

Alizipunguza tena, akachukua kitambaa apanguse kioo. Katikati palikuwa na doa la mafuta, lilelile lililomfanya amfokee msafishaji jana. Aliinama alisugue vizuri, na pua yake ikagota palepale penye doa.

Akasimama wima. Alinyakua kisanduku cha dawa, akamsogezea baba yake usoni. "Soma."

Mzee alipapasa miwani aliyokuwa ameivaa. "Nitasoma baadaye."

"Tangu lini, Baba? Unatuficha tangu lini?"

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Na yule mama aliyetoka sasa hivi na mtoto mgongoni? Nani kamwandikia kibandiko cha dawa?"

"Mimi. Lakini nilikuza herufi, mwanangu. Kwenye kioo nilisoma yote, sawasawa kabisa."

"Na chupa yenyewe? Chupa uliikuzaje?"

Mzee aligeukia rafu, akazigusa chupa moja moja.

Binti alikwisharuka kaunta, kitambaa bado mkononi, anapiga kelele barabarani: "Mama! Mama mwenye mtoto! Usimpe!"