Nafasi Mbili Ukutani

Shomvi, mchora mabango, hakupenda takataka ukutani. Alipopewa anwani ya mtandaoni ya kutazamia arusi ya Saumu, aliyekuwa akiolewa ughaibuni, aichore kwenye ukuta wa uani, aliondoa zile alama za asilimia na ishirini zilizojibana kati ya maneno. Mahali pake aliacha nafasi pana, safi. Anwani ikaishia kwa herufi nyekundu: arusi ya saumu.

Sasa majirani wamejaa uani, kila mmoja na simu yake, na hakuna iliyoifungua anwani ile.

"Shomvi, umetuandikia nini?" alifoka Bi Zuhura, mama wa bibi arusi, simu yake ndogo ya kitochi ikiwa sikioni. "Saumu anasema shehe ameshaketi!"

"Nimeandika vizuri, dada. Ona herufi zilivyonyooka."

"Uzuri huo kale na mkeo! Mwanangu anasema mtandao haupokei nafasi tupu. Zile alama ndizo zinazoziba pengo. Zirudishe!"

Shomvi akapanda ngazi na kopo lake. Akachora asilimia, mbili, sufuri katika pengo la kwanza, kisha katika la pili. Zilienea barabara, kama vile ukuta ulikuwa umeziwekea mahali.

Nyuma yake simu moja ikatoa vigelegele, kisha zote. Bi Zuhura akampokonya jirani simu, akabusu kioo.

"Kapendeza mwanangu! Shomvi, shuka ule pilau!"

Hakushuka. Alibaki juu akicheka, akitazama chini kwenye simu zote zile. Rangi nyekundu ilichuruzika kutoka kwenye sufuri ya mwisho, ikateremka ukutani, naye hakuifuta.