Majani ya Chumvini

Chumvi ilikuwa imelila shamba lote. Mahindi yalinyauka, mpunga ukafuata, na penye weupe wa chumvi yakaota majani manene mekundu, yale ambayo Shemsa alikuwa akimwona bibi yake akiyachemsha kutibu vidonda.

Asubuhi hiyo mumewe, Hemedi, alikuwa amekwisha kupakia vyombo kwenye mkokoteni.

"Twende, mama Rukia. Hapa hapana maisha tena."

"Ningoje kidogo, nifungue chupa zangu."

Kiangazi kizima chupa mbili za mafuta ya ufuta zilikaa juani, juu ya bati. Moja ilikuwa na mafuta matupu. Ya pili Shemsa aliitia matone ya dawa aliyoitoa kwenye majani yale: aliyaanika, akayaloweka kwenye spiriti, akachuja, akaacha spiriti ikauke mpaka ikabaki dawa nzito kama asali. Alitaka kujua kama kinacholilinda jani lisiungue juani kingeyalinda mafuta pia yasioze.

Alifungua ya kwanza. Hemedi aligeuza uso.

"Yameoza hayo!"

Kisha akaifungua ya pili. Alinusa, akampa mumewe. Hemedi alichovya kidole, akalamba, akalamba tena.

"Haya umeyakamua lini?"

"Siku moja na yale."

Hemedi aliifunga chupa vizuri. Alishuka shambani, na Shemsa akamwona akipita polepole kati ya mimea ile, amepandisha kikoi, akitafuta pa kuweka mguu asije akakanyaga hata mmoja.